Samaki, Sabuni na Maziwa ya Mama: Historia ya Zebaki Kanda ya Ziwa



Huku kwetu Mwanza lipo neno linalozunguka miaka mingi: eti samaki wa ziwa wana zebaki ya migodini, kwa hiyo mama anayenyonyesha asile samaki. Wengine wameanza kuogopa hata kunyonyesha, wakidhani maziwa yao ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Neno hili lina historia yake. Tumeona tuisimulie hapa, maana mwisho wake unamgusa bibi harusi kuliko mvuvi.

Kwanza tukumbushane maziwa ni nini. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah (S.W.) amewatajia mama kunyonyesha miaka miwili kamili, kwa anayetaka kutimiza. Mtume wetu (S.A.W.) alinyonyeshwa na Bibi Halima Saadia, na sheria yetu inayapa maziwa uzito mkubwa hata watoto walionyonya kwa mama mmoja wakawa ndugu wasioweza kuoana. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha yaendelee pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi.

Ndani ya mwaka wa kwanza ubongo wa mtoto hukua takriban mara mbili. Ujenzi huo unahitaji mafuta, hasa aina iitwayo DHA, ambayo kwa wingi inapatikana kwenye samaki. Mama akila samaki, mafuta hayo yanaingia kwenye damu yake na kwenye maziwa yake. Watafiti waliwahi kulinganisha kina mama wa makabila na sehemu tatu za nchi yetu: Wamasai, ambao hawali samaki, Wapare, wanaokula mara 2 hadi 3 kwa wiki, na watu wa Sengerema, hapa hapa kando ya ziwa, wanaokula mara 4 hadi 5. Kadiri ulaji wa samaki ulivyozidi ndivyo DHA ya mama ilivyozidi. Kwa hiyo dagaa na sato tunaowadharau kwa kuwazoea ni chakula cha ubongo wa watoto wetu.

Sasa hofu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye dhahabu. Miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walijaa Geita, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Mwanza. Mchimbaji husaga jiwe, huchanganya unga wake na zebaki ili zebaki ishike dhahabu, kisha huchoma. Zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Moshi ule unavutwa na aliye karibu, na zebaki nyingine inaishia kwenye udongo na maji. Ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine inayoingia mwilini mwa samaki.

Aina hiyo ya samaki ndiyo iliyoleta msiba mkubwa kule Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi. Daktari kijana, Masazumi Harada, alikutana huko na ndugu wawili wagonjwa. Mama yao akamwambia kwamba mdogo hajawahi kula samaki wa bahari ile, amezaliwa hivyo. Madaktari wa wakati ule waliamini kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Huyu mama alikuwa anasema kweli: zebaki ilipita kwake ikamfikia mtoto tumboni, na ubongo uliokuwa bado unajengwa ukaumia kuliko wa mama. Kama sisi tunavyozika kitovu cha mtoto, Wajapani hukikausha na kukihifadhi, na vitovu vile vilikuja kupimwa vikaonekana vina zebaki.

Kwa hiyo zebaki ya Geita ilipoanza kusemwa, wataalamu walikuja ziwani wakiwa na Minamata kichwani. Mwaka 1996 Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake wa Japani, Hirokatsu Akagi, walichapisha vipimo vya samaki wa ziwa letu. Zebaki ilikuwa kidogo. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba wa kuangaliwa ni sangara wakubwa sana, kwa kuwa wanakula samaki wengine na kukusanya zebaki yao. Dagaa na sato hawana tabia hiyo.

Kisha akaja Harada mwenyewe, sasa mtu mzima. Utafiti wake na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulipima nywele za wachimbaji 150, wavuvi na familia zao 103, na wakazi 19 wa Mwanza mjini. Watu 14 walikuwa na zebaki ya juu kupita kiasi: wachimbaji 6, watu 4 wa jamii ya wavuvi, na wakazi 4 wa mjini. Angalia hapo, dada. Wanne kati ya 19, tena mjini, mbali na mashimo ya dhahabu! Walipofuatiliwa, ikaonekana watu hao 14 walikuwa wanatumia sabuni ya kuogea yenye zebaki nyingi. Sabuni ya kung'arisha ngozi. Baadaye Harada alikuta mambo hayo hayo Kisumu, ng'ambo ya Kenya.

Inauma kujua kwamba sabuni za aina hii zilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya kuuzwa Afrika, wakati Ulaya yenyewe ilikuwa imekataza zebaki kwenye vipodozi vya watu wake.

Zebaki ya sabuni na krimu si ile ya samaki. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu anakuwa mweupe, lakini inapenya hadi kwenye damu na kuumiza figo. Nayo hupita kwenye maziwa kwa urahisi kuliko ile ya samaki. Isitoshe, mtoto analala juu ya kifua kilichopakwa na kushika shavu lililopakwa, kisha anatia vidole mdomoni.

Mwaka 2008 ilichapishwa kazi iliyopima maziwa ya kina mama 46 wa maeneo ya dhahabu ya Tanzania, Zimbabwe na Indonesia. Wengi walikuwa na kiasi kidogo, lakini wachache walikuwa na kiasi cha kutisha. Kwa hiyo mama wa mgodini asichomee dhahabu nyumbani, na asikae karibu na moshi huo akiwa na mimba au mtoto mgongoni.

Dunia imechukua hatua. Mwaka 2013 nchi zilikubaliana mkataba wa zebaki na kuupa jina la Minamata, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Lakini mkataba hauingii chumbani kwa biharusi. Anayeingia ni somo, mama, shangazi, na sisi wenye maduka ya harusi.

Basi tuseme wazi. Miezi ile ya kuandaliwa, ndiyo miezi krimu na sabuni zinapopakwa sana, na wengi hushika mimba mara tu baada ya ndoa. Soma pakiti: ukiona "mercury", "mercuric" au "calomel", usinunue. Isiyoandika viambato kabisa usinunue pia. Singo, liwa na dalia za bibi zetu zinatosha kumnukisha na kumng'arisha bibi harusi bila kumdhuru atakayezaliwa. Ikiwa umeshatumia, acha leo na umwambie mkunga au daktari. Usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu yako mwenyewe. Na samaki endelea kula.

Mwili ni amana, na haki ya mtoto inaanza kabla hajazaliwa. Allah atujaalie vizazi vyema na vyenye afya, atuhifadhie na maziwa yetu. Aamiin.