Hotuba ya Nakuru ya Mwaka 1963

Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta alisimama mbele ya mamia ya masetla waliokusanyika ukumbini mjini Nakuru. Alikuwa Waziri Mkuu tangu tarehe 1 Juni, na uhuru ulikuwa umebakiza miezi minne tu. Wasikilizaji wake walikuwa Wazungu wenye mashamba makubwa ya Bonde la Ufa, na nyoyo zao zilijaa hofu. Mtu huyo walimjua kuwa mfungwa. Serikali ya kikoloni ilimkamata Oktoba 1952, ikamhukumu Kapenguria mwaka 1953 kwa kosa la kuongoza Mau Mau. Na mwaka 1960 Gavana Renison alimwita kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Je, mfungwa aliyepata madaraka hatalipa kisasi?

Yafaa, msomaji, tuchunguze jinsi alivyoiondoa hofu hiyo.

Kwanza, alikitaja kifungo chake kwa maneno machache, kisha akasema kimekwisha, wala hataki kukikumbuka. Kwa kukitaja aliwaonyesha kwamba anayo sababu ya kukasirika. Kwa kukiacha aliwaonyesha kwamba hasira haimtawali.

Pili, alitumia mfano wa malaika. Hakuna jamii ya malaika, alisema, iwe ya watu weusi, ya kahawia au weupe. Sote tu binadamu, na binadamu hukosa. Kwa mfano huo mmoja, mfungwa na waliofurahia kufungwa kwake waliwekwa katika mizani moja.

Tatu, juu ya msingi huo akajenga usambamba, yaani kauli mbili zenye umbo moja. Ikiwa yeye amewakosea, ni juu yao kumsamehe. Ikiwa wao wamemkosea, ni juu yake kuwasamehe. Angalia mpangilio wake: alitanguliza kosa lake mwenyewe. Kama angalitanguliza kosa lao, ukumbi ungalijaa manung'uniko.

Kisha akawaomba wakae, walime vizuri. Alikuwa akisema Kiingereza, lakini alimalizia kwa neno la Kiswahili la watu wavutao mzigo mzito kwa pamoja: Harambee! Nao masetla wakamshangilia.

Siku 16 baadaye, huko Washington, Martin Luther King alitoa hotuba yake mashuhuri kuhusu ndoto yake, akitumia takriri, yaani kurudia maneno yaleyale ili yazidi nguvu. Lakini King alisema kwa ajili ya walionyimwa haki, akiidai mbele ya taifa zima. Kenyatta alisema na wenye mali, akiwatuliza. Basi yatupasa kuuliza: ni nani ambaye hakuwamo ukumbini?

Hawakuwamo maskwota, Waafrika waliofanya kazi katika mashamba yale na kuishi humo bila kuyamiliki. Hawakuwamo waliopigana misituni. Kwao neno "kusahau" lilikuwa na uzito mwingine. Mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa masetla ulikuwa umeanza mwaka 1962, lakini Waafrika waliopewa viwanja walitakiwa kuvilipia kwa mikopo, na wengi hawakupata kitu. Amri ya kuipiga marufuku Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Na mwaka 2013 ndipo serikali ya Uingereza ilipotamka masikitiko yake kwa mateso ya wakati wa Hali ya Hatari, ikakubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000.

Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hotuba ya Nakuru iliganga mengi: ilituliza nchi iliyoogopa damu, na kwa hilo tuiheshimu. Hata hivyo, mtu huweza kusamehe aliyotendewa yeye. Aliyotendewa jirani yake, ni jirani huyo mwenye haki ya kuyasamehe. Kwa hiyo, usomapo hotuba yoyote, pima ufasaha wake, kisha uulize inasemwa na nani, na ni nani aliyeachwa nje ya mlango.