Malambo ya Udongo katika Nyanda za Juu za Buha

Lambo la udongo ni tuta linalokinga bonde ili maji ya mvua yabaki hadi kiangazi. Huko Kasulu na Kibondo, wilaya za Buha mkoani Kigoma, Tanzania, malambo si jambo la kale. Mvua ya Buha huanza Oktoba au Novemba na kukoma Mei, na Waha, wenyeji wa Buha, walijenga kaya zao migongoni mwa vilima, migomba ikizunguka nyumba. Mabonde waliyaachia kilimo cha kiangazi, maharage na mboga zikiota kwenye unyevu uliobaki. Penye kijito, kifereji kilitosha.

Wakoloni wa Kiingereza walihimiza malambo Usukuma na Ugogo, kwenye ng'ombe wengi na mvua haba. Huko Buha walikuja na mengine: kuhamisha watu miaka ya 1930 kwa ajili ya malale, na kuajiri manamba wa mashamba ya mkonge. Mabadiliko makubwa ya makazi yalifika na Operesheni Kigoma, kuanzia 1972, kaya zilizotawanyika vilimani zilipokusanywa vijijini. Ardhi iliyo karibu na nyumba ikawa ya kugombewa, na bonde la majimaji likapanda thamani. Hapo ndipo mkulima mmoja mmoja alipopata sababu ya kukinga kijito chake, amwagilie nyanya na vitunguu, pengine afuge na perege.

Tuta lenyewe laonekana kazi nyepesi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Udongo wa mfinyanzi hutandazwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa likiwa na unyevunyevu. Ukimwagwa mkavu kwa mara moja, huacha mianya. Mizizi ya miti ikioza huacha njia ya maji, na mchwa na panya huchimba zao. Dalili husomwa chini ya tuta, upande wa nje. Maji yanayochuruzika yakiwa maangavu, ni ya kuangaliwa tu. Yakigeuka mekundu kwa udongo, tuta linaliwa kutoka ndani, na muda uliobaki ni wa kuwahamisha walio chini.

Adui mkubwa zaidi ni maji kupita juu ya tuta. Ndiyo maana lambo huwekewa utoro wa maji, mfereji mpana pembeni, chini ya kimo cha tuta, wa kutolea maji yaliyozidi. Mwenye lambo huona maji yakipotea, akaweka magunia ya mchanga ili abakize zaidi, au wavu ili samaki wasitoroke. Wavu wa namna hiyo ulinasa takataka kwenye bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, mali ya klabu ya matajiri. Bwawa lilipasuka tarehe 31 Mei 1889, na zaidi ya watu 2,200 wakafa.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake: Solai, katika Kaunti ya Nakuru, Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki kadhaa za mvua kubwa, bwawa la udongo ndani ya shamba la mtu binafsi lilibomoka, na maji yakashukia makazi yaliyo chini. Waliokufa hawakupungua 47. Mamlaka ya maji ya Kenya ilieleza kuwa bwawa hilo halikuwa na kibali.

Tanzania ilikwisha kutamka mwaka 1974, kwa Sheria Na. 42, kuwa maji ni mali ya Jamhuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, iliendeleza msimamo huo na kuweka masharti ya usalama wa mabwawa. Tuta kwa hiyo laweza kuwa la mkulima, lakini maji yaliyo nyuma yake si yake. Kasulu na Kibondo zimo katika bonde la Ziwa Tanganyika, na kibali huombwa Bodi ya Maji ya bonde hilo, iliyoko Kigoma. Mwezi wa kukagua kwa makini zaidi ni Aprili: lambo limejaa, udongo umelowa hadi ndani, na mvua bado haijakatika.