Kompyuta badala ya deki: unganisha hivi

Wadau wa Mwanjelwa mpaka Miyomboni: Kama una kompyuta na amplifaya, huna haja ya kununua deki. Saundi kadi ya kawaida inacheza biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, kiwango kile kile cha CD tangu 1982. Mimi natumia hivyo na muziki unatoka safi.

1. WAYA: Chomeka kwenye tundu la kijani. La pinki ni la maiki. Upande wa pili, nyekundu na nyeupe, viingie AUX ya amplifaya, siyo PHONO. Hiyo ni ya santuri, sauti itakwaruza.

2. SAUTI: Kwenye kompyuta weka karibu na mwisho, zima ekwalaiza, halafu ongeza taratibu kwenye amplifaya.

3. FAILI: MP3 ya kilobiti 128 imeshakatwa sana, na saundi kadi hairudishi kilichokatwa. Tafuta ya 320, au nakili CD yako kwa FLAC.

4. MVUMO: Ukisikia "mmmm", mara nyingi ni umeme wa hezi 50. Chomeka kompyuta na amplifaya sehemu moja ukutani. Ukisikia vimilio kila ukisogeza mausi, saundi kadi ya nje ya USB husaidia.

JAMANI, msikate waya wa ethi! Mvumo utaisha kweli, lakini siku umeme ukivuja, kasha la chuma la kompyuta litakuua.

Na msimu wetu wa mvua, Novemba mpaka Aprili, radi si mchezo. Mawingu yakijikusanya, chomoa vyote. Kazi kwenu!