Mbegu, Yai na Lawama: Historia ya Maarifa ya Utungisho na Msamiati Wake kwa Kurejelea Iyolwa, Mpakani mwa Uganda na Kenya

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maarifa kuhusu yai la mwanamke na mbegu ya mwanamume, tangu nadharia za kale hadi utungisho wa maabara, na kuyatazama maarifa hayo kutoka Iyolwa, wilayani Tororo. Hoja kuu ni kwamba sayansi iliachana na dhana ya mwanamume mpanzi na mwanamke shamba katika karne ya 19, lakini dhana hiyo ingali hai katika msamiati wa Kiswahili na katika namna lawama ya kukosa mtoto inavyogawanywa. Makala yanapendekeza kwamba wataalamu wa istilahi na wahudumu wa afya wa mpakani washirikiane kuurekebisha msamiati huo.

1.0 Utangulizi

Iyolwa ni kata ya Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, katika ukanda wenye miji ya mpakani ya Busia na Malaba. Ni eneo la Jopadhola, wasemaji wa Kidhopadhola, lugha ya kundi la Kiluo. Majirani zao ni pamoja na Wateso, Wasamia na Wanyole. Bethwell A. Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya Waluo wa Kusini, alitegemea sana masimulizi ya koo za Jopadhola. Koo hizo hufuata upande wa baba. Kwa hiyo mtoto ni zaidi ya furaha ya wazazi wawili: yeye ndiye anayeendeleza jina, urithi na haki ya ardhi. Katika mazingira hayo, swali la jinsi mimba inavyotungwa si la kibayolojia tu. Jibu lake huamua nani atahurumiwa, nani atarudishwa kwao na nani ataletewa mke mwenza.

2.0 Kutoka Mpanzi hadi Seli Mbili

Dhana ya mwanamume kuwa mpanzi si ya Afrika Mashariki peke yake. Aristotle alifundisha kwamba mwanamume hutoa umbo na uhai, na mwanamke hutoa mali ghafi tu. Galen, katika karne ya 2, alimpinga kwa kudai kwamba wote wawili hutoa mbegu. Mabishano hayo yalidumu kwa karne nyingi kwa sababu hapakuwa na chombo cha kuyaamua.

Chombo kilipopatikana, makosa hayakutoweka mara moja. Mwaka 1672 Reinier de Graaf alieleza vifuko vilivyomo ndani ya ovari. Miaka mitano baadaye, Antoni van Leeuwenhoek aliona kwa hadubini viumbe vidogo vyenye mikia vikiogelea katika manii. Baadhi ya wataalamu walihitimisha kwamba mtu mzima mdogo amejikunyata ndani ya kila mbegu, na mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichora picha ya mtu huyo. Wengine walidai kwamba mtu huyo yumo ndani ya yai. Makundi hayo mawili yalihitilafiana, ila yalishiriki kosa moja: kila kundi lilimpa mzazi mmoja mtoto mzima na kumwachia mwenzake kazi ya kulea.

Kosa hilo lilisahihishwa kwa hatua. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer aliliona yai la mamalia katika ovari ya mbwa. Mwaka 1876 Oscar Hertwig, akichunguza kiumbe mdogo wa baharini mwenye miiba, alionyesha kwamba kiini cha mbegu huungana na kiini cha yai. Mwaka 1883 Edouard van Beneden, kwa kutumia mnyoo wa farasi, alionyesha kwamba yai na mbegu huleta idadi sawa ya kromosomu. Tangu hapo usawa wa wazazi wawili katika kumfanya mtoto ulikuwa jambo lililoonekana kwa macho chini ya hadubini.

3.0 Safari Mbili Zisizofanana

Usawa huo wa kromosomu haumaanishi kwamba seli hizo mbili hukua kwa njia moja. Mayai huanza kuundwa msichana angali tumboni mwa mama yake. Kijusi cha kike cha miezi mitano huwa na takribani seli za mayai milioni 6 hadi 7. Anapozaliwa husalia kati ya milioni 1 na 2. Anapobalehe ni laki kadhaa tu. Katika maisha yake yote, mayai yanayopevuka na kutoka ni kama 400 hadi 500. Maana yake ni kwamba yai lililomzaa mtoto wa Iyolwa lilianza kuundwa ndani ya tumbo la bibi yake mzaa mama, yaani ndani ya mtu ambaye hesabu ya ukoo wa baba haimtaji.

Mbegu za kiume, kwa upande wake, huanza kutengenezwa wakati wa kubalehe na huendelea kutengenezwa hadi uzeeni. Kila moja huchukua zaidi ya miezi miwili kukamilika katika korodani. Seli zote mbili hupitia mgawanyiko maalumu unaopunguza kromosomu kutoka 46 hadi 23. Mgawanyiko wa yai husimama kwa miaka mingi, huendelea kidogo kabla ya yai kutoka, na hukamilika pale tu mbegu inapoingia.

Utungisho hufanyika ndani ya mrija wa uzazi. Yai huweza kutungishwa kwa muda usiozidi siku moja hivi, ilhali mbegu huweza kuishi humo hadi siku tano. Kati ya mamilioni ya mbegu, chache hulifikia yai, na moja ikishapenya, utando wa yai hubadilika na kuzizuia nyingine. Viini viwili huungana na kurejesha kromosomu 46. Chakula na sehemu kubwa ya vijenzi vya seli hiyo mpya hutoka katika yai. Jinsia huamuliwa na mbegu ya baba, kama ilivyobainika kutokana na kazi za Nettie Stevens na Edmund Wilson za mwaka 1905. Mke anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu analaumiwa kwa jambo ambalo yai lake halina uwezo nalo.

4.0 Kisonono, Mirija na Tiba Iliyo Mbali

Mashariki mwa Uganda, historia hii ina sura yake. Katika miaka ya 1970, O. P. Arya na wenzake walilinganisha Teso, eneo la jirani lililokuwa na uzazi mdogo, na Ankole, lililokuwa na uzazi mkubwa. Walihusisha tofauti hiyo na kuenea kwa kisonono. Ugonjwa huo huacha makovu katika mirija ya mwanamke, na kwa mwanamume huweza kuziba njia ya mbegu. Mwanamke anaweza kuambukizwa asione dalili yoyote, kisha akagundua miaka mingi baadaye kwamba hashiki mimba. Kinachoitwa laana au mkosi mara nyingi ni kovu la ugonjwa ambao ungetibika mapema kwa dawa, iwapo mume na mke wangetibiwa pamoja.

Hapa pana kinaya cha kihistoria. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa utungisho wa maabara, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978 kwa sababu mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Robert Edwards na Patrick Steptoe walikuwa wametafuta njia ya kuikwepa mirija hiyo. Tiba ilibuniwa kwa tatizo lilelile lililoenea Afrika Mashariki, lakini ilichukua zaidi ya robo karne kufika: Kampala mwaka 2004, kupitia kazi ya Dkt. Edward Tamale Sali, na Nairobi mwaka 2006. Hata sasa, gharama yake iko mbali na uwezo wa mkulima wa muhogo na mtama.

Hata hivyo, Tororo haiko nje ya historia hiyo. Mswada wa mwaka 2023 wa kusimamia teknolojia ya kusaidia uzazi nchini Uganda ulipelekwa bungeni na Sarah Opendi, wakati huo akiwa Mbunge Mwanamke wa Wilaya ya Tororo. Swali la nani ni mzazi, lililokuwa la wazee wa ukoo, limekuwa swali la sheria.

5.0 Msamiati Unaohukumu

Kiswahili kinatumika pande zote mbili za mpaka huu, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Basi istilahi zake zina uzito. Neno "mbegu" linastahili kuangaliwa kwanza. Katika botania, mbegu ni kiinitete kilichokwisha kutungishwa, chenye akiba ya chakula. Kinachotoka upande wa kiume ni chavua. Tunapoiita seli ya baba "mbegu", tunasema bila kukusudia kwamba mtoto mzima ametoka kwake, na mama ni udongo tu. Ni mchoro wa Hartsoeker uliohifadhiwa katika neno.

Pengo la pili liko katika majina ya wasiozaa. "Tasa", kwa matumizi ya kawaida, humwelekea mwanamke. "Hanithi" humtaja mwanamume asiye na nguvu za jimai. Mwanamume mwenye nguvu zote, ila manii yake hayana mbegu za kutosha, hana jina la kawaida. Na asiye na jina ni vigumu kumshauri apimwe.

Lakini lugha ina dawa yake pia. "Kutia mimba" humpa mwanamume kazi yote, ilhali mimba "hutungwa", kama shanga na kama shairi. Kutunga ni kuunganisha vitu ambavyo kimoja peke yake hakitoshi. Kitenzi hicho, ambacho ndicho mzizi wa "utungisho", kinakubaliana na Hertwig kuliko "mbegu" inavyokubaliana naye.

6.0 Hitimisho

Historia ya utungisho ni historia ya kuondoa mzigo kwa mzazi mmoja na kuugawa kwa wawili. Mgawanyo huo ulikamilika maabara karne ya 19, lakini haujakamilika nyumbani. Inapendekezwa, kwanza, kwamba vitabu vya biolojia vya Kiswahili vitumie "seli ya uzazi ya kiume" na "seli ya uzazi ya kike" kwa usawa, na kulieleza neno "mbegu" mahali linapobaki. Pili, istilahi ya ugumba wa kiume isanifiwe na kuenezwa. Tatu, vituo vya afya vya ngazi ya kata, kama Iyolwa, viwapime na kuwatibu wenzi wote wawili kabla ya mmoja wao kuhukumiwa. Hatua hii ya tatu haihitaji maabara ya Kampala. Inahitaji mume akubali kuongozana na mkewe hadi kituoni.