Makorongo ya Kondoa: Udongo Ulioondoka

Tazama ukingo wa korongo la Kondoa, mkoani Dodoma, Tanzania, kuanzia juu. Tabaka jembamba lenye mizizi ndilo lililowalisha Warangi, wenyeji wa Kondoa, kwa vizazi. Lina mboji, chembe zake zimeshikana kuwa vidonge vidogo, na katikati yake maji na hewa hupita. Chini ni udongo mwekundu, mgumu.

Mvua kubwa ikipiga shamba lisilo na majani, matone huvunja vidonge hivyo. Chembe laini huziba vinyweleo vya udongo, na jua likiwaka uso wa shamba hukauka kuwa gamba. Mvua inayofuata haizami tena. Maji hutiririka yakibeba mboji kwanza, na kinachobaki ni changarawe na udongo wa chini ulioshindiliwa, usiohifadhi unyevu. Jembe hudunda. Uwele hunyauka mapema mvua zikikatika. Bondeni nako, mchanga hufunika mashamba yaliyokuwa mazuri.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), uliochimba makinga maji na kupanda miti. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Lilikuwa agizo zito kwa wafugaji, na gharama waliyobeba inastahili kukumbukwa hapa pamoja na mafanikio yake. Nyasi zilirudi ndani ya miaka michache. Mboji na vinyweleo hujengwa taratibu zaidi, na mizizi na wadudu wa ardhini, hivyo kwenye miteremko mingine bado utakanyaga changarawe tupu.