Sura ya Mti: Historia ya Kunakshi na Kupaka Rangi Mapiko ya Mtwara

Lipiko ni kinyago cha Wamakonde kinachochongwa katika kipande kimoja cha mti na kuvaliwa kichwani kama kofia. Wingi wake ni mapiko, na ngoma nzima huitwa kwa jina hilohilo. Wamakonde wa Newala, Tandahimba na Mtwara wana pia vinyago vyao vya kufunika uso, pamoja na vya kifua na tumbo vinavyoonyesha mwanamke mjamzito. Hivi hutumika katika ngoma ya midimu. Mapiko ya kichwa ni hasa ya Wamakonde wa Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambao nchini Tanzania waliitwa Wamawia. Kwa aina zote mbili, kuchonga umbo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumalizia: kuchanja nakshi, kubandika nywele, kupaka rangi, mpaka mti ufanane na mtu anayejulikana au kabila la watu wanaojulikana.

Uwanda wa Makonde unatazamana na uwanda wa Mueda, na Ruvuma unapita bondeni kati yao hadi baharini karibu na Msimbati. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana mto huo uwe mpaka. Kusini mwa mlango wa mto kulibaki kipande cha ardhi cha Kionga, ambacho Wajerumani walikitwaa mwaka 1894 na Wareno wakakichukua mwaka 1916. Mpaka uliwagawa Wamakonde kwa serikali mbili, lakini haukuzuia watu kuvuka, na vinyago vilivuka pamoja nao.

Mapiko huwa mepesi ili yachezeke. Mpingo, ambao leo ndio unaotajwa kwanza Wamakonde wanapotajwa, haufai: ni mzito mno kwa mtu anayeruka na kuzunguka mchana kutwa. Mchongaji huchagua mti mwepesi na laini, hasa ule ambao Wamakonde huuita njala. Gogo hukatwa kwa shoka, hupunguzwa kwa tezo, ndani hufukuliwa mpaka kuta ziwe nyembamba, kisha uso hukamilishwa kwa kisu. Kulainisha kulifanywa kwa majani makavu ya msasa, mti wenye majani yanayokwaruza ambao jina lake karatasi ya dukani ililirithi baadaye.

Kazi hii haikufanyika barazani. Mapiko yalichongwa na kutunzwa mahali pa siri pa wanaume nje ya kijiji, na wanawake na watoto hawakuruhusiwa kupakaribia. Mchezaji alivikwa nguo zilizofunika kila sehemu ya mwili, njuga zikamlilia, na macho yake yakatazama kupitia kinywa cha kinyago. Kwa wasiojua, aliyecheza alikuwa mzuka uliotoka kwa wafu. Wavulana waliokuwa jandoni, likumbi kwa Kimakonde, walifunuliwa siri hiyo: walikabiliana na lipiko, kisha wakaonyeshwa kwamba ndani yake mna mtu. Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi; kwa kijana wa Kimakonde, kutotishika huko ndiko kulikokuwa kuingia utu uzima.

Ndiyo maana umaliziaji ulikuwa na uzito. Kinyago kilichofanana na mtu hai kiliogofya kuliko zimwi lolote, kwa sababu mtazamaji alitambua sura lakini hakutambua kiumbe. Mchongaji alitafuta ulinganifu katika mambo matatu: chale, kinywa na nywele.

Chale za Wamakonde huitwa dinembo. Kwa mwili wa mtu zilichanjwa na fundi kwa kisu kidogo, kisha jeraha likasuguliwa makaa ya mbegu za mbarika, likabaki na weusi wenye kuelekea buluu. Mistari ya pembe iliyopangwa juu ya paji na mashavu ilimtambulisha Mmakonde popote alipokwenda. Juu ya kinyago fundi alikuwa na njia mbili. Aliweza kuchimba mistari kwa ncha ya kisu na kuitia weusi, au kuviringisha nta ya nyuki iwe nyuzi nyembamba na kuzibandika juu ya mti. Njia ya nta ilitoa mistari iliyoinuka, na mwanga wa jua au moto ulipoipiga, uso wote ulionekana kama ngozi iliyovimba.

Kinywa kilieleza jinsia na umri. Kinyago cha mwanamke mzima kilichongewa ndona, kile kipande cha mti kilichovaliwa katika mdomo wa juu na kuusukuma mbele. Meno yalionyeshwa yakiwa yamechongwa ncha, kama yalivyochongwa meno ya watu wenyewe. Nywele zilikuwa nywele kweli: zilinyolewa kwa binadamu, zikabandikwa kichwani pa lipiko kwa kufuata mtindo wa kunyoa wa wakati huo, mahali pengine zikiachwa vishungi na mahali pengine upara.

Rangi ilikuja mwisho. Vinyago vya zamani vilivyohifadhiwa vina rangi chache: wekundu wa udongo, hudhurungi, njano, weusi na weupe. Rangi haikukusudiwa kupendezesha tu. Ilisema aliyeigwa ni nani, kama ni Mmakonde, Mhindi mwenye duka, Mwarabu au Mzungu. Rangi za kopo za viwandani zilipofika katika maduka ya pwani, mafundi walizipokea bila kusita, na tangu hapo waridi hafifu ikawa ngozi ya Mreno, na nyekundu ya kung'aa ikawa mdomo wake.

Kumbukumbu za mapema za vinyago vya upande wa kaskazini zinatoka kwa Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Lindi mwaka 1906 wakati vita vya Maji Maji vilikuwa havijazimika. Alipita Masasi, akapanda Newala, akanunua vinyago, akarekodi nyimbo kwa silinda za nta na kupiga filamu za ngoma. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1908. Vinyago alivyochukua vinaonyesha kwamba sanaa ilikuwa imekomaa kabla mnunuzi wa kigeni hajafika.

Muda mfupi baadaye sura mpya ziliingia. Vita Kuu vya Kwanza vilileta majeshi mlangoni: Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka Newala Oktoba 1916, na mwezi uliofuata Wajerumani wakawafukuza. Kwa wanakijiji, vita vilikuwa uchukuzi wa mizigo, njaa, na watu wenye kofia na bunduki. Mtu mwenye kofia akapata nafasi katika mapiko. Kofia ya askari au ya mtawala wa Kireno ilichongwa ikiwa sehemu ya kichwa, masharubu yakabandikwa kwa nywele zilezile zilizotumika kwa vinyago vya mababu, na pua ikachongwa ndefu na nyembamba. Ukali ulikuwa katika usahihi: mtawala aliyechezwa uwanjani na kuchekwa hakuhitaji kutajwa jina.

Wakati huohuo Wamakonde wa Mueda walizidi kuhamia Tanganyika, wakikimbia kodi na kazi za shuruti na kutafuta ajira katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na mbali zaidi. Baada ya Wareno kuua watu huko Mueda Juni 16, 1960, na vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza Septemba 25, 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma kwa maelfu. Hivyo mapiko ya kichwa na midimu ya uso vikachezwa wilaya moja. Mwaka 1971 J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa alichapisha makala kuhusu ngoma hizi za Tanzania na Msumbiji, akieleza pia isinyago, maumbo ya wanyama yanayochezwa usiku.

Kufikia hapo nyuso zenyewe zilikuwa zimebadilika. Shule, misheni za Masasi na Ndanda, na maisha ya mjini viliwafanya vijana waache dinembo na ndona. Wachongaji hawakuacha. Kizazi ambacho hakikuwa na chale hata moja kiliendelea kuzichora juu ya mti, kwa mpangilio ule ule wa paji na mashavu. Kinyago kilichoanza kwa kuiga uso wa mtu aliye hai kikawa mahali pa kujifunzia uso wa babu.

Soko nalo lilivuta upande mwingine. Huko Dar es Salaam, kuanzia miaka ya 1950, wachongaji waliotoka kusini walichonga mpingo kwa ajili ya wanunuzi: mashetani yanayohusishwa na Samaki Likankoa, na minara ya watu waliobebana iliyoitwa ujamaa. Kazi hizo hazikupakwa rangi. Weusi wa mti uliosuguliwa ndio uliouzwa. Mapiko yaliyochezwa yalitafutwa pia, na si kwa halali wakati wote. Mwaka 1984 vinyago viliibwa katika Makumbusho ya Taifa. Kimoja, cha Kimakonde, kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva mwaka uliofuata, na baada ya mazungumzo ya miaka mingi kikarudishwa kwa Tanzania Mei 2010.

Mtwara ya leo ina vinyago vya kichwa na vya uso. Tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao, huleta vikundi vya ngoma mjini, na mapiko huchezwa mbele ya wanawake na watoto ambao zamani wangekimbia. Mti bado ni mwepesi, rangi ni ya kopo, na msasa ni wa karatasi. Chale bado zinachorwa.