Picha za kumbukumbu, Nachingwea na Ruangwa
Picha za familia zinazopigwa na wasio wapigapicha wa kazi katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, uliwaleta Nachingwea wageni wenye kamera. Picha zao za watoto, nyumba na matrekta, huenda nyingi ziliondoka nao. Katika zama za filamu, mkanda wa picha 36 ulitumiwa kwa uangalifu, na kusafisha picha kuligharimu. Nyuma ya picha huandikwa kwa kalamu jina, mahali na tarehe: maneno hayo machache yana thamani zaidi kuliko sura yenyewe, kwani wajukuu hawawatambui waliosimama pichani. Picha za simu hazina mgongo wa kuandikia, na simu ikiibwa, zisizohifadhiwa kwingine hupotea.